Maji Mdomoni mwa Shahidi

Swali lenyewe ni dogo, na limenila umri wangu wote: aliyepo, yupo kwa sababu gani? Kwa sababu anaonekana? Basi mawe ya chini ya bahari yasingekuwapo, na yapo, yanakata miguu ya wapiga mbizi. Kwa sababu anamilikiwa? Mjini kwetu ndivyo wanavyosadiki, na ukiwapinga wanakutazama kwa huruma, kama mtu aliyetoka nyumbani na shati kinyume. Mimi nilikuwa na jibu langu la tatu, nikalificha, kwa kuwa kazi yangu ilinikataza kusema. Nitalisema hapa, polepole, maana sasa sina kazi tena.

Mji wetu hauna jina. Ulikuwa nalo, likapotea zile siku ambazo majina yaligeuka mali ya wachache. Hapa huitwi kwa jina lako mpaka uwe na mnyama ambaye duniani hapana wa pili wake. Ukiwa naye, watu husimama unapoingia barazani, hukuita, na neno lako ndilo linalofuatwa. Usipokuwa naye, wewe ni "yule". Yule muuza mkaa. Yule mume wa yule. Yule aliyefiwa juzi. Unaweza kukaa barazani ukanywa kahawa na kucheka wenzako wanapocheka, lakini ukitoa rai hakuna anayegeuza shingo. Nimewasikia wanaume wazima wakijitaja jina lao chooni, peke yao, wasije wakalisahau.

Ndiyo maana tuna soko. Madalali huja na wanyama kutoka misitu ambayo hatujui iko upande gani. Mijusi huja ndani ya soksi. Kasuku huja wamesindiliwa ndani ya chupa za maji zilizokatwa vitako. Kobe wamefungwa miguu kwa selotepu wasikwaruze, komba wamenyweshwa uji wenye dawa ya usingizi. Ukiviona vile vifurushi utadhani ni mitumba. Halafu dalali anafungua soksi moja, anatoa kidole gumba, na juu ya kidole kile amekaa mjusi wa buluu, buluu ambayo hujawahi kuiona juu ya kitu chochote, na uwanja mzima unanyamaza. Wachukuzi wanatua mizigo. Siwezi kuwacheka watu wa mji wangu kwa kutamani. Koo langu hukauka pamoja na makoo yao. Mjusi yule huishi kwenye mti wa aina moja tu, na ili kumpata inabidi mti ukatwe, na kila mtu analijua hilo. Tunalijua na bado tunasogea mbele tuone vizuri.

Kazi yangu ilikuwa Shahidi. Nilizaliwa nikaitwa Mize, lakini jina hilo alilitumia shangazi yangu tu, Bi Mwanapili, aliyekuwa Shahidi kabla yangu na ambaye aliniachia kiti chake. Shahidi ni mmoja. Haruhusiwi kuhama mji wala kumfundisha mwingine mpaka akaribie kufa.

Kazi hufanywa hivi. Mnunuzi akidai kuwa mnyama wake ni wa pekee, Shahidi huitwa. Huvua viatu, huketi chini akampa mnyama mgongo, macho yasije yakampumbaza, kisha hutia fundo la maji mdomoni na kulishikilia. Mnyama ataita. Kila aliyetengwa na wenzake huita, iwe leo au keshokutwa. Shahidi husikiliza kama yupo anayemwitikia, na jibu la mbali huingia nyayoni kabla ya kufika masikioni. Asiposikia kitu, huyameza maji. Akisikia, huyatema, kisha hunyoosha kidole upande jibu lilikotoka. Waliobuni desturi hii waliamini kuwa mdomo wenye maji hauwezi kusema uongo.

Na baada ya hapo? Maji yakimezwa, mnyama ni wa pekee, na mkata sauti huja na kisu chake chembamba. Humtoa mnyama sauti kooni, asije akaita siku nyingine akajibiwa, na jina la mwenyewe likaanguka. Maji yakitemwa, mwindaji hufuata kidole mpaka kwa yule aliyejibu, na aliyejibu huondolewa duniani, ili aliyebaki awe wa pekee kwelikweli. Kisha huja mkata sauti. Kwa hiyo wanyama wote wa wenye majina ni bubu. Ukipita mitaa yao ya kuta ndefu unasikia mifereji ya maji na vijakazi wakicheka, na nyuma ya kuta wamejaa viumbe wa ajabu wanaofungua vinywa bila kutoka kitu. Bi Mwanapili aliifanya kazi hii hadi alipokufa, na tulipomwosha tulimkuta na pamba masikioni, kaisindilia mwenyewe. Nilimrithi wiki ile ile.

Mnyama wangu wa kwanza kumsikiliza alikuwa wa Haidari.

Haidari alikuja kwangu jana, au mwaka ule mvua zilipogoma. Miaka ya mji wetu haifuatani, huja kama wageni wa harusi, wengine mapema, wengine karamu ikiisha. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, mikono imepauka kwa chumvi, maana biashara yake ilikuwa ngozi za ng'ombe.

"Bi Shahidi, nina mnyama."

"Nani asiye na mnyama siku hizi, bwana?"

"Huyu hana mwenzake. Nimemtazama sana. Najua."

"Unaitwa nani?"

Akageuka kuangalia nyuma kama kuna mtu. "Haidari," akasema kwa sauti ndogo, kama anayetaja ugonjwa wa siri. "Ila wananiita yule wa ngozi."

"Karibu ndani, Haidari."

Alipolisikia jina lake akaegemea mlango. Sikujua kwamba neno la kawaida laweza kumchosha mtu vile. Alipopata pumzi akaniambia kuwa mama yake mzazi, kwa kuogopa majirani, alikufa akimwita yule mwanangu. "Nimechoka kuwa yule," akasema. "Sitaki makubwa, Bi Shahidi. Nataka siku nikifa wamtaje aliyekufa."

Kisha akaeleza analotaka, na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo angeweza kulifanya mtu wa mji wetu tu. Mashahidi waliotangulia walisikilizia katika vyumba vya mawe, milango imefungwa, na huko nje mji uliendelea na makelele yake: vinu, redio, mafundi bati, jenereta, wapiga debe. Kila tajiri aliyepata jina alifuatwa na minong'ono kwamba Shahidi hakusikia kwa sababu ya kuta. Haidari hakutaka mnong'ono hata mmoja nyuma ya jina lake. Aliomba usikilizaji ufanywe uwanjani kwake, mchana kweupe, na mji mzima unyamaze. Wenye majina walikubali kwa dharau, wapate cha kumchekea. Hakuna aliyewaza kwamba mji ule haukuwahi kunyamaza tangu ulipojengwa, na kwamba hatukujua kuna nini chini ya kelele zetu.

Nilimwona mnyama ndani ya kizimba chake cha nondo, kabla ya kumpa mgongo. Nimejaribu kumweleza mara nyingi na kila mara naanza upya. Ukubwa wake ulikuwa wa ndama aliyeacha kunyonya. Alikuwa na mikono, mikono hasa, yenye viganja vya ngozi laini ya kijivu, na mgongo uliofunikwa na kitu kati ya manyoya na magamba ambacho kilisimama na kulala kila alipovuta pumzi. Hayo ni ya kuonekana tu. Ajabu yake ni kwamba kila aliyemtazama alimwona ana umri wake yeye mtazamaji. Haidari alimwona wa makamo, amechoka mabega. Pandu, mwindaji wa mji, mtu mpole mwenye kikohozi, alimwona mzee. Mimi nilimwona mwanamke mtu mzima aliyezoea kukaa kimya, nikashindwa kuondoa macho. Halafu kwa kupepesa nikamwona mtoto, na nikamjua mtoto yule, na nikakumbuka jinsi alivyokuwa akijificha uvunguni mwa kitanda cha shangazi ili atafutwe. Nimeona wanyama wengi wazuri, na uzuri hunifanya nitake kushika. Huyu alinifanya nitake kuomba radhi, wala sikujua kwa lipi.

"Unamwonaje?" Haidari akauliza.

"Mkubwa kuliko uwanja wako," nikasema.

"Na mimi ndivyo. Nikimtazama najiona nipo. Sijui nikuelezeje."

Alikuwa anampenda. Niseme wazi, maana ni rahisi kumfanya Haidari kuwa mtu mbaya na hadithi ikatulia. Alikuwa anampenda, na alikuwa amemwita mkata sauti, ambaye alikaa kwenye kibao karibu na lango akinoa kisu chake bila haraka. Pandu alikaa upande wa pili na wavu wake. Katikati, mimi. Nikavua viatu. Nikampa mnyama mgongo. Nikatia maji mdomoni.

Mji ukanyamaza.

Sijui niuandike vipi ukimya ule. Kwanza vilikufa vinu. Kisha redio. Mafundi bati wakaweka nyundo chini moja baada ya nyingine, na kila nyundo iliyotua ilifungua chumba kingine cha ukimya nyuma yake. Majogoo walifunikwa matenga. Watoto walipewa miwa wanyonye. Mwisho ulikatika mvumo ambao hatukujua kuwa ulikuwapo, mvumo wa sisi wenyewe, na watu uwanjani wakatazamana kwa hofu. Nilisikia jua juu ya mabati. Nilisikia maji ndani ya mdomo wangu yakitafuta mahali pa kutulia.

Ndipo akaita.

Haikuwa sauti kubwa. Ilianza chini kabisa, ikapanda bila papara mpaka pale ambapo sauti ya mtu ingevunjika, ikakaa pale pale juu, wazi, ikingoja. Mwanamke mmoja alikaa chini akajifunika uso kwa ukaya. Mkata sauti aliacha kunoa. Nilikuwa nimefundishwa kuwa wito wa mnyama ni njaa, au joto, au woga, na shangazi alikuwa na majina ya kila mmoja. Huu haukuwa na jina kwake. Ulikuwa unauliza swali langu. Swali lile lile, neno kwa neno, bila maneno.

Aliyepo yupo kwa sababu gani. Nani ananisikia. Kuna mtu.

Na nyayo zangu zikapokea jibu.

Mbali sana, nyuma ya vilima vya chumvi, pengine nyuma zaidi. Mtikiso mdogo wa kupanda bila papara, na kukaa juu, na kungoja. Hakuna mwingine uwanjani aliyelisikia. Nilijua kwa jinsi walivyoendelea kupumua. Mgongoni kwangu nilisikia manyoya yote ya mnyama yakisimama kwa pamoja, na akaita tena, na jibu likaja. Lilikuwa karibu zaidi. Yule mwingine alikuwa anakuja.

Hapo nikawa na maji mdomoni na dunia mbili kichwani. Nikiyameza, mkata sauti atainuka, na huyu hataita tena. Lakini yule wa vilimani ameshaanza safari. Atakuja akiita, sauti itazidi kukaribia, mpaka kila mwenye masikio amsikie, na ataingia mwenyewe katika mji huu wa nyavu akimtafuta mwenzake aliyenyamaza. Nikiyatema na kunyoosha kidole, Pandu atatoka leo. Nilifikiri juu ya shangazi na pamba yake. Niliwahi kudhani kuwa alichoka kusikia. Sasa nikaelewa kuwa alisikia vizuri kila mara, na kila mara alikuwa na milango hii miwili tu, na yote miwili ilifunguka kwenye chumba kimoja.

Mnyama akavuta pumzi aite kwa mara nyingine. Safari hii jibu lingefika masikioni mwa watu wote.

Nikayatema maji.

Uwanja ukaguna. Haidari akashika kichwa. Pandu akainuka, akakung'uta wavu wake, akaja mbele yangu akachuchumaa kwa adabu. "Wapi, mama?"

Mnyama akaita. Na kabla ya dunia kupata nafasi ya kumjibu, nilimjibu mimi.

Sijui ile sauti niliitoa wapi. Haikupita kooni nilivyozoea. Ilipanda kutoka nyayoni, ikapita magotini, ikapita kwa yule mtoto wa uvunguni, ikatoka nikiwa nimefumba macho, na ilipofika juu ikakaa, na nikashangaa kwamba haikuvunjika. Nilikuwa mwanamke wa watu, mpwa wa Bi Mwanapili, nimekaa juu ya mchanga wa uwanja wa mtu mchana wa saa sita, na nilikuwa nalia kama kiumbe ambaye hapana aliyepata kumwona. Sikuona aibu. Nilifurahi, kama ni lazima niseme neno moja. Tangu kuzaliwa nilikuwa nasikiliza wengine wakijibiwa.

Nilipomaliza, nilisikia nyayoni kwamba yule wa vilimani amesimama. Alikuwa amenisikia. Alisimama muda mrefu, na mimi nikamwambia moyoni, rudi, rudi, mwenzako si mpweke tena, ameshapata wa kumwitikia. Kisha mtikiso ukaanza tena, ukienda upande wa pili. Alikuwa ameniamini. Niliokoa maisha yake kwa kumwibia mwenzake, na uchungu wa jambo lile ulinichoma palepale, katikati ya furaha.

Nikaweka kiganja kifuani pangu. "Hapa," nikamwambia Pandu.

Pandu alitazama kiganja changu, akatazama wavu. "Mama, nikufuate wewe?"

"Ndipo jibu lilikotoka. Kila mtu kasikia."

"Bwana wangu," Pandu akamgeukia Haidari, "nifanyeje? Mimi nimezoea kwenda porini."

Wenye majina walianza kucheka, kisha wakaacha, kwa sababu desturi ilikuwa upande wangu na waliijua: aliyejibu huondolewa duniani, na haijasemwa awe na mkia. Haidari alikuja akasimama mbele yangu. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Kwa nini unanifanyia hivi?" akauliza. "Mimi nilikuita kwa heshima."

"Na mimi nilikuita kwa jina, Haidari. Mwambie Pandu anipige, kama unataka. Lakini nikifa, nani atakumezea maji? Shahidi ni mimi peke yangu."

Akafikiri. Nilimwona akifikiri kwa mwili mzima, kama mtu anayebeba gunia asijue pa kulitua. Mwishowe akasema, "Basi utakaa naye humo kizimbani. Akiita, ukamwitikia, mko wawili, na mimi ni yule wa ngozi. Siku atakayoita nawe ukanyamaza, atakuwa wa pekee, mkata sauti atafanya kazi yake, nami nitakuwa na jina. Nitakuja kila asubuhi nisikilize."

"Na mji?"

"Kila asubuhi mji utanyamaza. Wameshapenda kunyamaza. Watazame."

Niliwatazama. Kweli walikuwa bado wamekaa, hawataki kuondoka, na wengine walikuwa wamevua viatu.

Hivyo nikaingia kizimbani, na ninayasimulia haya nikiwa ndani.

Siku za humu hazina mpangilio. Kuna asubuhi mnyama huwa mwanamke wa rika langu, tukakaa kivulini bila kusema, kama majirani waliozoeana. Kuna asubuhi huwa kikongwe, nami najua kwamba nitafika huko, na kwamba si pabaya. Sijui kama ananipenda. Mwanzoni alikuwa akinitazama kwa macho ambayo sikuweza kuyavumilia, maana alijua nilichokifanya. Yeye alikuwa na nyayo kama zangu, na alimsikia yule wa vilimani akigeuka. Siku moja alikuja akaweka kiganja chake cha kijivu juu ya kichwa changu akakiacha hapo. Sikutikisika mpaka jua lilipohama. Nililia, na sikumwuliza kama ni msamaha, kwa sababu mtu haulizi jambo la namna ile.

Kila asubuhi mji hunyamaza, yeye huita, nami huitikia. Mbali, kila asubuhi mbali zaidi, yule mwingine huenda. Nilimsikia nyuma ya vilima vya chumvi, kisha nyuma ya mto, kisha mahali ambapo nyayo zangu hazina jina lake. Ipo asubuhi ambayo sikumsikia kabisa. Mnyama naye alikaa akisikiliza sana, kisha akalala, magamba yametulia. Yuko salama, nikamwambia. Hayupo popote ambapo mtu anaweza kunyoosha kidole. Nilijua kwamba nimempa habari njema na habari mbaya kuliko zote kwa kauli moja, na nikakaa karibu naye mpaka jua lilipotua.

Haidari huja. Anakaa karibu na nondo, upande wa nje, kofia juu ya goti. Zamani alikuwa akija na mkata sauti tu, anasikia naitikia, anaondoka amekunja uso. Kisha akaanza kuchelewa kuondoka. Kisha akaanza kuniuliza.

"Inatoka wapi ile sauti, Bi Shahidi?"

"Sijui. Ukiitafuta kooni huipati."

"Inauma?"

"La. Kinachouma ni kabla yake."

Akawa anasogeza midomo wakati mnyama anaita. Nilimwona, nikatazama pembeni ili asione haya. Aliniambia kuwa sasa, akimtazama mnyama, hamwoni tena wa makamo. Anamwona mtoto wa umri ule ambao yeye alikuwa bado anaitwa, jioni, kutoka mlangoni, na mwanamke ambaye haogopi majirani. "Basi kwa nini bado unataka jina kutoka kwa watu hawa?" nikamwuliza. Alivaa kofia akaenda zake.

Na sauti yangu ikaanza kuisha. Hilo sikulitarajia. Niliitikia asubuhi nyingi mno, na mwili wa mtu haukutengenezwa kwa sauti ile; kila mara ilipopita ilichukua kitu. Ikawa inavunjika juu. Ikawa inapanda nusu. Mkata sauti, ambaye si mtu mbaya na ana watoto wa kulisha, alianza kufika mapema na kukaa karibu zaidi na mlango. Nilikunywa maji ya moto, nilitafuna tangawizi aliyoniletea Pandu kwa siri. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Wakati huo nilikuwa nimelielewa jibu langu la tatu: aliyepo yupo kwa sababu ameitikiwa. Niliogopa kuwa mimi ndiye nitakayemfanya huyu asiwepo, kwa koo tu, kwa nyama mbovu ya koo la mtu mzima.

Leo asubuhi mji umenyamaza. Watu wamejaa uwanjani, hata wenye majina, wamevua viatu wote. Mnyama amesimama katikati ya kizimba, mkubwa kuliko nilivyopata kumwona, na akaita. Ilipanda, ikakaa pale juu, ikangoja.

Nikafungua mdomo. Hapakutoka kitu.

Nikajaribu tena. Pumzi tu. Nikapiga nondo kwa viganja, lakini kupiga nondo si kuitika, na kila mtu alijua. Wito ulikuwa bado juu ya uwanja, unangoja, na hakuna wa kuupokea. Mkata sauti akasimama, akapangusa kisu kwa kitambaa, akamtazama Haidari apate ruhusa. Pandu akainamisha kichwa. Nikamtazama Haidari, nami sina hata sauti ya kumsihi. Ndiyo asubuhi aliyoingojea. Alikuwa mbele ya nondo, kofia imemdondoka, watu wenye majina wameanza kusogea kumpisha, na mmoja wao alikuwa ameshafumbua mdomo kumwita kwa jina.

Sauti ikapanda. Ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, sauti ya mtu aliyekaa na chumvi na ngozi maisha yake yote. Ilikwama kidogo katikati, kisha ikapata njia, ikafika juu, ikakaa. Mnyama akageuka mwili mzima kuelekea ilikotoka, na magamba yake yakasimama yote.

Haidari alifumba kinywa. Mbele yake watu walikuwa wamemkodolea macho, na yule aliyetaka kumwita alirudisha jina kooni mwake, asijue la kufanya nalo.

Pandu akakohoa, akaja na ufunguo, akamfungulia mlango. Haidari alivua viatu vyake, akaviweka sawa kando ya nondo, akaingia.